Nakiete Asiyefuta na Ubeti wa Saba

Mmekuja tena. Mwaka haupiti bila mtu kuniketisha kitako nimtolee ya Nakiete, kana kwamba mimi nilikuwepo nimeshika koleo. Kwenu hakuna wazee? Haya, lakini mahindi haya hayajipukuchui. Kila mwenye sikio alete na mkono, na atakayesinzia nitamtupia gunzi. Nitasema kama nilivyoambiwa, na nikitia neno langu nitasema ni langu, kwa maana hiyo ndiyo sheria ya huyo mnayemtaka.

Zama za mababu wa babu zetu, mwaka wa nne baada ya Njaa ya Ngozi, ile ambayo watu walichemsha ngozi walizolalia wakanywa maji yake, alikuwepo katika mlima wa Kivundo mwanamke aitwaye Nakiete binti Mavoa, Mavoa wa Sengondo, Sengondo wa Mrutu, yule Mrutu aliyeshuka na kaa la moto ndani ya chungu kutoka upande ambao hakuna aliyewahi kuuona. Nakiete Kifua cha Mvukuto, Nakiete Mkono wa Kuungua, Nakiete Asiyefuta, ambaye aliweza kusukuma mivukuto miwili ya kupulizia moto peke yake, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, tangu umande haujakauka hadi kivuli cha mtu kinapoingia chini ya nyayo zake. Wanaume wawili wa siku hizi hawawezi. Wa siku hizi wakipuliza moto wa chai wanatafuta pa kukaa.

Wakati huo kazi ya chuma ilikaa katika kichwa kimoja tu. Baba alimnong'oneza mwana mmoja, tena akiwa anakata roho, namna ya kuchagua mtapo, yale mawe mekundu yenye chuma ndani, namna ya kusimamisha tanuri, na namna ya kuupanga mkaa. Naye mwana akafumba mdomo hadi zamu yake ya kufa. Mavoa aliitunza siri hiyo vizuri mno. Siku moja nyuki walimvamia akiwa juu ya mti anakata matawi ya kuchoma mkaa, akaanguka, na maneno yote ya Mrutu yakazikwa pamoja na meno yake. Mwana wa kiume hakuwa naye, na binti hakuambiwa kitu, kwa sababu wanawake, walisema wakubwa wa ukoo, hutoa siri. Basi siri haikutoka. Ikaoza.

Majembe yaliyobaki Kivundo yakalika hadi yakawa kama kucha za mzee, watu wakarudi kuchokora ardhi kwa vijiti, na ardhi ya mlimani, mnaijua, haichokoreki. Ndipo Nakiete akamwambia mumewe Mgonja kwamba utoto wake wote ameketi nyuma ya ua wa babaye akisikia mlio wa mivukuto na kunusa moshi, na kwamba kama pua na masikio yake havimdanganyi, nusu ya siri anayo. Nusu nyingine ataitafuta.

Tanuri la kwanza lilimpa majivu. La pili likampa jiwe jeusi lisilofaa hata kumpigia mbwa. La tatu likampa chuma cha ukubwa wa ini la kuku, naye akacheka peke yake kama mwendawazimu, akasimamisha la nne kwa namna ileile, na la nne likampa majivu tena. Hapo ndipo alipouma kidole.

"Mgonja, lile lililotupa chuma, tulitanguliza mtapo au mkaa?"

"Mkaa."

"Una hakika?"

"Mke wangu, mimi hata nilichokula juzi sikijui."

Kushindwa hakukumtisha Nakiete. Kilichomkera ni kwamba alishinda mara moja na asijue alishindaje. Akaona kwamba kichwa cha mtu ni kapu lililotoboka, na kwamba mwenye kubadili kitu bila kukumbuka alichobadili jana ni sawa na anayetembea gizani akifuta nyayo zake kwa tawi. Akaketi siku nzima mbele ya fuawe, lile jiwe la kufulia chuma, akaligonga na kuimba, akaimba na kuligonga, hadi ukatoka wimbo ambao ndio mkubwa wa kabila letu.

Wimbo huo ulikwenda hivi. Kila badiliko lina ubeti wake, na kila ubeti unataja mambo manne: nani amebadili, amebadili nini, kwa sababu gani, na kilitoka kitu gani. Ubeti wa kwanza hupigwa nyundo kwa mkono wa kulia, wa pili kwa mkono wa kushoto, wa tatu wa kulia, hivyo hivyo hadi mwisho, ili hata mikono ikumbuke pale kichwa kinaposinzia. Tanuri haliwashwi kabla wimbo wote haujaimbwa kutoka mwanzo. Na jambo likiharibika, hulifuti. Unaongeza ubeti mpya kusema, tumejaribu, hapana, tunarudi pale pa ubeti fulani. Mgonja, ambaye hakukijua alichokula juzi, akawa na ubeti wake:

*Ubeti wa tano, ni mimi Mgonja,*
*mkaa nautanguliza, mtapo unafuata;*
*sababu, moto wa chini haukupanda.*
*Kimetoka chuma cha kiganja.*

Kutoka hapo walikwenda mbele, hawakuzunguka tena. Lakini mvua zilikuwa zinakaribia, watu wamesimama uani wakiuliza majembe, na Nakiete akashikwa na pupa. Akalikandika tanuri kwa udongo mbichi, akaliwasha siku ileile. Unyevu uliojificha ndani ya udongo ukachemka, tanuri likapasuka kama boga lililoangushwa, likauchoma mkono wake wa kulia hadi kiwikoni, na Mgonja, aliyekuwa ameinama kwenye mvukuto, hakuinuka.

Baada ya matanga alikuja baba yake mdogo, mkubwa wa ukoo, akaketi naye kwa upole.

"Mwanangu, wimbo tumeupenda. Huo wa saba tu, una maiti ndani yake. Uruke. Anza wa nane, nani atajua?"

Nakiete alikuwa na mkono uliofungwa majani ya mgomba, na machozi yalikuwa yameshakauka. Akasema, "Baba mdogo, nikiuruka, watakaokuja wataambiwa kwamba Mgonja alikufa na kwamba mimi ni fundi hodari. Hawataambiwa kwa nini alikufa. Haufutwi. Wangu haufutwi, wala wa mtu mwingine haufutwi, hata aje analia." Akashika nyundo kwa mkono uleule ulioungua, kwa kuwa saba ni ya kulia, akaimba:

*Ubeti wa saba, ni mimi Nakiete,*
*udongo nimekandika, siku ileile nimewasha;*
*sababu, pupa.*
*Tanuri limepasuka, limemla Mgonja.*
*Udongo na ukauke siku tisa.*

Ndiyo maana wakamwita Asiyefuta. Walioanza kumwita hivyo walikuwa wanamkejeli.

Kwa ubeti wa kumi na mbili alipata jembe linalopasua ardhi ya mlimani kama kisu kwenye papai. Basi wakubwa wa ukoo, waliokuwa wamekaa kimya miaka yote ya majivu, wakapata sauti. Wakasema sasa tufunge mdomo, wimbo uimbwe ndani ya ua wetu, na mwenye kutaka jembe apige magoti. Nakiete hakubishana nao. Siku ya gulio alikwenda akasimama katikati, kati ya wauza chumvi na wauza ndizi, akauimba wimbo wote mara tatu, mpaka wauza chumvi wakawa wanamtangulia maneno. Kisha akatamka tamko lake, ambalo hata nyinyi mliosoma mngelijua kama mngekuwa na adabu:

"Wimbo huu ni wa anayeutaka. Achukue auimbe kwao, aubadili apendavyo, asiniombe ruhusa wala asinishukuru. Ila aliyeuchukua auchukue wote, pamoja na majina ya waliokosea na majina ya waliopatia. Na atakayepata lililo bora aje atuimbie."

Wakubwa wa ukoo walisusa chakula chake mwaka mzima. Alishukuru, akiba ikaongezeka.

Ndivyo tanuri zilivyosimama katika vilima vitano, na kila kilima kikawa na wimbo mzima vifuani mwa watu wake. Na kwa kuwa kila kilima kilibadili la kwake, Nakiete aliweka Siku ya Kugonganisha. Kila baada ya mavuno, waimbaji wa vilima hukusanyika Kivundo kila mtu na nyundo yake, huanza ubeti wa kwanza kwa pamoja, na pale sauti zinapoachana wote husimama kuulizana. Mwaka mmoja Semvua, mkubwa wa kilima cha Mbaghai, mtu mnene mwenye maneno, alisimama kwenye ubeti wa kumi na tisa akasema mkaa ni wa mgunga. Watu wa Kivundo wakasema ni wa mzambarau.

"Semvua, wimbo wako una kikohozi," akasema Nakiete.

"Na wako umekonda, dada yangu. Ulishe mgunga."

Hawakupiga kura wala hawakutazama nani mkubwa. Waliwasha tanuri mbili ubavu kwa ubavu, wakafua majembe mawili, wakayapiga juu ya mwamba. Ikaonekana mgunga ni bora wa kuyeyusha mtapo, na mzambarau ni bora wa kufulia chuma kilichokwisha kutoka. Beti zote mbili zikaingia, kila mmoja na jina lake, na Semvua alijisifu kwa hilo hadi alipochosha hata wanawe.

Sasa Kibacha. Kibacha alikuwa mtoto wa yule baba mdogo, na Mungu alimpa sauti ambayo wanawake waliacha vyungu viungue ili wamsikilize. Hakuwahi kushika nyundo hata siku moja, akisema nyundo huharibu koo. Nakiete alimpenda kama mdogo wake. Alipoomba kwenda kuwafundisha watu wa Irindi, kilima cha mbali cha sita, akampa baraka na akampa mkufu wa chuma.

Huko Irindi Kibacha aliuvua wimbo nguo zake akauvisha za kwake. Palipokuwa na Mgonja akatia Kibacha, palipokuwa na Semvua akatia Kibacha, ubeti baada ya ubeti ukawa ni mimi Kibacha, ni mimi Kibacha, kama jogoo mwenye neno moja. Na ubeti wa saba akaukata kabisa. Nani, alijiambia, atakuja kujifunza kazi yenye maiti mlangoni? Na nani atangoja siku tisa? Wa nane akauita wa saba, wa tisa akauita wa nane, akaendelea hivyo hadi mwisho. Siku ya Kugonganisha ilipofika alikwenda peke yake, akasema watu wake wana kazi, yeye atasimama badala yao. Akasimama kati ya waimbaji akaimba kama wao, naye hakuna aliyemdai nyundo kwa sababu ya koo lake.

Mwaka wa tatu, mvua zikinukia, watu wa Irindi wakataka majembe arobaini. Kibacha akawaambia wawashe siku ya pili ya udongo. Tanuri likapasuka. Likawaua ndugu wawili wa tumbo moja, wana wa mjane Namangi, ambao ndio pekee aliokuwa nao.

Kibacha hakusema ni mimi. Alisema, "Wimbo ni ule niliopewa na Nakiete." Neno hilo moja lilitosha. Asubuhi ya tatu Irindi nzima ilishuka na mashoka, Namangi mbele yao, kwenda kuvunja kila tanuri katika vilima vitano na kuuzika wimbo unaoua watu. Na mkumbuke, mbegu zilikuwa zimetengwa, mawingu yamekaa juu ya mlima, na tanuri zikivunjwa siku ile ni njaa ya ngozi tena, safari hii bila ngozi.

Semvua alikwisha kuita vijana wake na mikuki. Nakiete akawarudisha nyuma kwa macho. Alikuwa na mvi, mkono wake wa kulia umekauka kama kuni, naye alijua kwamba mtu akivunja kwa hasira havunji kimoja. Akasimama njiani mbele ya Namangi.

"Mama, umefiwa, na mimi sina la kukuzuia. Vunja. Ila nasi hapa hatuwashi wala hatuzimi bila kuimba. Imbeni wimbo wenu hadi mwisho, tuwape nyundo, tupige pamoja. Ukiisha, shoka la kwanza nitakushikia mimi."

Namangi alimtazama sana. "Imbeni," akawaambia watu wake, "tusije tukasingiziwa haraka."

Wakaimba, nao wenye nyundo wakashika nyundo. *Ubeti wa kwanza, ni mimi Kibacha.* Minong'ono ikaanza. Walipofika pa tano Semvua akashindwa kujizuia: "Loo, kumbe marehemu Mgonja alikuwa Kibacha!" Kibacha akacheka kidogo akasema jina ni pambo tu, wimbo ni uleule. Nakiete akainua mkono mkavu, waendelee. Wa sita, mikono ya kushoto yote ikashuka pamoja. Ukaja wa saba.

Nyundo za Kivundo na za Mbaghai zilipaa kwa mkono wa kulia, za Irindi nazo zikapaa kwa kulia, mlio ukawa mmoja. Lakini Irindi walikuwa wanaimba mambo ya upana wa mlango wa tanuri, ubeti wa nane wa wengine, ambayo mikono ya wengine wote ilikuwa imeyazoea kwa kushoto tangu utoto. Vinywa vikasema hiki, mikono ikasema kile. Waimbaji wakajikwaa, nyundo zikagongana hewani, wimbo ukakatika. Kibacha peke yake hakuelewa kilichotokea. Sauti yake ilikuwa nzuri, lakini mkono wake haukuwahi kuimba.

"Wa saba wenu uko wapi?" akauliza Nakiete.

"Ndio huo," akasema Namangi. "Hatuna mwingine."

Nakiete akauimba wa saba, na pupa yake, na mumewe, na siku tisa. Namangi alikuwa mama wa watu aliokwisha kuwazika, hakuwa mjinga. Akasema, "Huenda mmeutunga leo mliposikia tunakuja." Akamshika mwanamke wa Mbaghai akampeleka nyuma ya ghala, akamwambia imba wa saba. Akamchukua mzee wa kilima kingine akampeleka upande wa pili, imba. Akamchukua binti wa kilima cha tatu, imba. Vilima vitatu, vinywa vitatu, neno kwa neno, mkono wa kulia. Aliporudi shoka lilikuwa limeshuka begani.

"Siku tisa," akasema. "Wanangu walikuwa wanahitaji siku tisa tu."

Watu wakamgeukia Kibacha, na kama si Nakiete, hadithi yake ingeishia pale. Akawaambia hukumu ni ya Namangi, na Namangi ataitoa baadaye, kwa maana mawingu hayangoji hukumu. Siku ileile walisimamisha tanuri sita, wakakandika udongo, wakaanza kuhesabu. Siku ya tano kulinyunya. Watu wa Irindi na wa Kivundo, waliokuja kuuana, walishika ngozi na mikeka juu ya tanuri kwa zamu kama wanaomfunika mgonjwa, na kila aliyesema yatosha, tuwashe, aliimbiwa wa saba hadi akanyamaza. Siku ya tisa ikaisha. Ya kumi waliwasha. Yalitoka majembe arobaini na manne, na mvua ilipopiga, siku ya kumi na mbili, iliwakuta wameshainama mashambani.

Nakiete hakufa kama watu wanavyokufa. Alipozeeka alisema anakwenda kutafuta mtapo upande aliotoka Mrutu, akapanda na kapu, na kapu lilikutwa juu ya mwamba limejaa mawe mekundu, yeye hayupo. Wengine walitaka kumtungia ubeti wa sifa. Wakakumbuka kwamba ubeti lazima useme kilichobadilika, wakakosa, kwa kuwa hakuna tanuri lililozimika wala mtu aliyesahau neno. Kaburi lake halipo. Lakini mpaka leo, mtoto wa Kivundo akivunja chungu, kabla hujauliza, husema, "Ubeti ni wangu." Akisema hivyo hapigwi. Asiposema, mnajua.

Na Kibacha? Alileta mbuzi, Namangi akawarudisha. Aliomba achapwe, Namangi akasema fimbo hupona. Hukumu yake ilikuwa ashike nyundo, atunge ubeti wake kwa kinywa chake, na auimbe mbele ya kila tanuri la vilima sita kabla halijawashwa. Aliuimba hivyo miaka ishirini, viganja vikawa na sugu na koo likaharibika kweli. Kabla Nakiete hajatoweka, alimwendea akapiga magoti.

"Dada, nimezeeka. Wajukuu zangu wameanza kujifunza wimbo. Nifutie."

"Wa saba ni wangu," akasema Nakiete. "Tangu umenijua, umewahi kunisikia nikiuruka?"

Akainuka, akaenda. Na Kibacha alipokufa, jembe la kuchimbia kaburi lake lilibidi lifuliwe, na jembe halifuliwi bila tanuri, na tanuri haliwashwi bila wimbo. Wakaimba toka mwanzo, wakafika kwenye ubeti wake. Aliyekuwa zamu ya kuongoza alikuwa mjukuu wake mkubwa, mwenye sauti ileile. Watu walimngoja. Akahamisha nyundo kwenda mkono wa kulia, akaimba:

*Ubeti wa thelathini na moja, ni mimi Kibacha,*
*ubeti wa saba niliukata;*
*sababu, nilitaka jina.*
*Wamekufa wana wawili wa Namangi.*